Kupima na Kukisia: Maarifa ya Kukata Boriti na Mbao katika Useremala wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kipimo katika ufundi wa kukata boriti, miti na mbao za kiunzi katika Kilwa na pwani ya Lindi. Mtazamo uliozoeleka huiona historia hiyo kuwa safari ya mstari mmoja, kutoka kwenye kukisia kwa jicho hadi kwenye kupima kwa namba. Kwa kutumia ushahidi wa magofu, kamusi za zamani, maandishi ya wasafiri na istilahi za mafundi zinazotumika hadi sasa, makala yanadai kwamba njia hizo zimeishi pamoja kwa karne nyingi, na kwamba mgawanyo wa kazi baina yake umeamuliwa na umbali: umbali kati ya anayekata na mahali kipande kinapokaa, na umbali kati ya anayeifanya kazi na anayeihukumu. Hoja hii inawahusu wanahistoria wa ufundi, wahifadhi wa urithi wa Kilwa na watunga mitaala ya useremala.

1.0 Utangulizi

Kilwa iliyomo katika vitabu vya historia ni Kilwa ya mawe. Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu, Gereza na majumba ya Songo Mnara yameandikiwa mengi, hususani tangu uchimbuzi wa Neville Chittick uliochapishwa mwaka 1974 na uchunguzi wa usanifu wa Peter Garlake wa mwaka 1966. Mti umepata nafasi ndogo katika maandishi hayo kwa sababu iliyo wazi: mawe na chokaa vimebaki, mti umeoza au umeliwa na mchwa. Hata hivyo, Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wa majengo yake, na matini ya safari yake kama tulivyoipokea inaeleza kwamba majengo hayo yalikuwa ya mti. Wataalamu wamejadiliana kuhusu usahihi wa maelezo hayo, kwa kuwa majengo makubwa ya mawe yalikuwapo wakati huo. Kwa vyovyote vile, akiolojia ya pwani inaonesha kwamba nyumba nyingi za watu wa kawaida zilijengwa kwa miti na udongo, na kwamba hata nyumba ya mawe haikuweza kuwa na dari bila boriti. Historia ya ujenzi wa Kilwa, kwa hiyo, ni pia historia ya watu waliokata mti.

Swali la makala haya ni finyu: mkataji alijuaje akate wapi? Swali hili lina uzito kwa sababu jibu lililozoeleka limebeba hukumu ndani yake. Fundi anayetumia jicho huhesabiwa kuwa fundi asiyesoma, na kazi yake huitwa ya kubahatisha. Fundi anayeandika namba kabla ya kukata huhesabiwa kuwa mtaalamu. Hukumu hiyo huingia katika mitihani ya ufundi, katika zabuni, na katika uhifadhi wa magofu yenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014. Kazi ya kuyahifadhi hulazimu kurudisha mti mahali ulipotoweka, na kila anayefanya kazi hiyo hutakiwa kuamua kama tundu la boriti lililobaki ukutani ni alama ya fundi makini au ya fundi mzembe.

Katika kulijibu swali hili, makala yananufaika na fikra za waandishi watatu. Witold Kula (1970) alionesha kwamba vipimo vya kale vya Ulaya vilibeba mahusiano ya kijamii na havikuwa tu namba zisizo kamili. James Scott (1998) alieleza jinsi dola za kisasa zinavyohitaji vipimo vya namna moja ili ziweze kuona na kutoza kodi kutoka mbali. David Pye (1968), ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa vitu vya mbao, alitofautisha kazi ambayo ubora wake umo hatarini wakati wote mikononi mwa fundi na kazi ambayo ubora wake umekwisha kuamuliwa na kalibu au mashine kabla haijaanza. Fikra hizi zilizaliwa Ulaya, Marekani na Asia ya Kusini-Mashariki. Makala yanazijaribu kwa ushahidi wa pwani ya kusini ya Tanzania.

2.0 Istilahi: Kupima, Kukisia na Kulinganisha

Lugha ya Kiswahili ni chanzo cha kwanza cha ushahidi. Kitenzi ‘kupima’ kinashiriki mzizi na nomino ‘pima’, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja hadi ncha ya vidole vya mkono wa pili. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili wa karne zilizopita, kwa hiyo, mwili wa mpimaji ulikuwa chombo cha kupimia, na kutumia mwili hakukuwa kinyume cha kupima. Chini ya pima kulikuwa na mfumo kamili ambao kamusi za Krapf (1882), Johnson (1939) na Sacleux (1939) zinatusaidia kuutambua: pima moja ni wari mbili, wari moja ni dhiraa mbili, au mikono miwili, dhiraa moja ni shibiri mbili, na shibiri hugawanywa kwa nyanda, yaani upana wa kidole.

Mfumo huo ulitambua pia udhaifu wake wenyewe. Dhiraa kamili hupimwa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ilhali dhiraa konde huishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Tofauti kati ya mbili hizo ni urefu wa vidole, na mtu aliyenunua kwa dhiraa kamili akapewa kwa dhiraa konde alikuwa amepunjwa. Kuwapo kwa istilahi mbili kunathibitisha kwamba watu wa pwani walijua kuwa kipimo kina utata, na kwamba waliutatua utata huo kwa kupatana mapema ni mkono upi unaotumika.

Kitenzi ‘kukisia’ kinafundisha jambo la ziada. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu unaobeba maana ya kupima, mzizi uleule uliotupatia neno ‘kiasi’. ‘Kukadiria’ nako kunahusiana na ‘kadiri’. Maneno ambayo leo hutumika kumbeza fundi wa jicho yana asili ya maneno ya kipimo. Maana yake imeelekea upande wa kubahatisha, lakini hata sasa mtu anayesema ‘kwa kiasi’ au ‘kwa kadiri’ hamaanishi kwamba amebahatisha. Anamaanisha kwamba ametambua kipimo kinachofaa bila kukitaja kwa namba.

Kati ya kupima kwa namba na kukisia kwa jicho ipo njia ya tatu, ambayo mjadala wa pande mbili huisahau: kulinganisha. Fundi huuleta mti mahali utakapokaa, huuweka juu ya mwenzake, huweka alama kwa mkaa, kwa chaki au kwa kisu, kisha hukata. Hapa namba haihitajiki, wala jicho halibashiri. Kipimo ni jengo lenyewe. Kamba yenye fundo, ufito uliokatwa kwa urefu wa nafasi, na kombamoyo la kwanza linalotumika kuwa kielelezo cha mengine yote ni vyombo vya njia hii. Katika sehemu zinazofuata itaonekana kwamba kazi nyingi za kiunzi katika eneo la utafiti zilifanywa kwa kulinganisha, na kwamba jicho na namba vilikuja kusaidia pale ambapo kulinganisha hakukuwezekana.

3.0 Boriti na Chumba: Ushahidi wa Magofu

Watafiti wa nyumba za mawe za Waswahili wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba upana wa chumba uliwekewa mpaka na boriti ya mkoko. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari nzito ya mawe na chokaa huweza kuvuka nafasi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya Kilwa na Songo Mnara ni virefu na vyembamba: mwenye nyumba aliweza kurefusha chumba kadiri alivyotaka kwa kuongeza idadi ya boriti, lakini hakuweza kukipanua kupita urefu wa boriti moja. Kipimo cha nyumba, kwa maana hiyo, kilianzia msituni, katika delta na hori za mikoko.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Chumba chenye upana wa dhiraa 6, ikiwa dhiraa ni sentimita 45 hivi, ni chumba cha mita 2.7. Boriti inayoingia ukutani kwa shibiri moja kila upande ingehitaji urefu wa dhiraa 7, yaani mita 3.15. Lakini ukuta wa nyumba za aina hii huwa na unene wa karibu nusu mita, na boriti huwekwa wakati ukuta unajengwa, kisha mawe na chokaa huizunguka. Ncha ya boriti ingeweza kuingia shibiri moja, pungufu kidogo au zaidi kidogo, bila dari kupata athari na bila mtu aliyemo chumbani kuona lolote. Unene wa ukuta ulikuwa nafasi ya msamaha.

Aidha, kuta za nyumba hizi mara nyingi hazisimami sambamba kikamilifu, na pembe zake si za mraba kamili. Msomaji aliyezoea ramani za leo huweza kuliona hilo kuwa kosa. Kwa mtazamo wa mkata boriti, hata hivyo, lina maana ya kiutendaji: ikiwa chumba ni chembamba zaidi upande mmoja, basi kila boriti ina urefu wake, na namba moja iliyopelekwa kwa mkataji isingefaa. Namna ya uhakika ilikuwa kuileta kila boriti mahali pake na kuikata hapo. Kutokuwapo kwa mraba kamili na kutumika kwa njia ya kulinganisha ni mambo mawili yanayobebana.

Sehemu nyingine za majengo hayohayo zinaonesha nidhamu tofauti. Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu, ambayo ndiyo ya zamani zaidi, ilikuwa na nguzo 9 zilizoigawa katika nafasi 16. Upanuzi wa kusini, unaohusishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa mwanzoni mwa karne ya 14, ulianguka na kujengwa upya katika karne ya 15 kwa kuba na matao. Mpangilio wa namna hii hurudia nafasi ileile mara nyingi, na kalibu ya mti inayoshikilia tao wakati chokaa inakauka huweza kuhamishwa kutoka nafasi moja hadi nyingine ikiwa tu nafasi hizo zinalingana. Makala yanapendekeza kwamba hapa kipimo kilichopatanwa, kiwe cha dhiraa au cha kamba, kilikuwa cha lazima. Ikiwa ndivyo, watu wa mji mmoja, katika zama moja, walipima kwa uangalifu mkubwa mahali fulani na wakaacha kupima mahali pengine. Hapo maelezo ya ujinga hayasaidii.

Milango ni ushahidi wa tatu. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, miaka michache baada ya Francisco de Almeida kuiteka Kilwa mwaka 1505, aliisifu milango ya mbao ya mji huo kwa nakshi na kwa ustadi wa uungaji wake. Mlango ni kiunzi kisichosamehe: miimo miwili, kizingiti cha juu na cha chini, na mbao mbili zinazopaswa kufungika bila kukwama. Zaidi ya hayo, mlango hutengenezwa karakanani na kupelekwa nyumbani, wakati mwingine kwa chombo cha baharini. Seremala wa mlango na mkata boriti walifanya kazi katika nyumba moja wakiwa na desturi mbili za usahihi. Kilichowatofautisha ni kwamba boriti ilikamilishwa mahali pake, na mlango ulikamilishwa mahali pengine.

4.0 Korija: Soko la Mikoko

Soko la mikoko linatoa ushahidi ulio wazi zaidi kwamba jicho na namba vilifanya kazi pamoja. Kwa muda mrefu miti ya mikoko kutoka delta ya Rufiji, kaskazini mwa Kilwa, na kutoka hori nyingine za pwani ilisafirishwa hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya ujenzi ni adimu. Alan Villiers, aliyesafiri kwa jahazi la Wakuwait katika msimu wa 1938 na 1939 na kuchapisha masimulizi yake mwaka 1940, alishuhudia upakiaji wa miti hiyo katika delta. Katika nyumba za zamani za Kuwait na miji mingine ya Ghuba, kama ilivyokuwa Kilwa, upana wa chumba ulifuata urefu wa mti wa mkoko. Mkata miti aliyesimama katika tope la Rufiji alikuwa akiamua upana wa sebule ambayo hangeiona maishani mwake.

Umbali wa namna hiyo ulihitaji lugha ya pamoja. Miti iliuzwa kwa korija, yaani furushi la miti 20, na kila korija ilikuwa ya daraja moja. Madaraja yenyewe yana majina ambayo bado yanajulikana pwani: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kutoka mti mwembamba hadi mnene. Majina haya ni majina ya kazi. Fito hufungwa kushikilia udongo na makuti. Pau hubeba paa. Boriti hubeba dari. Nguzo husimama na kubeba yote. Mkataji hakuupima mti kwa chombo kabla ya kuuita boriti. Aliuona, akaushika, akatambua kazi unayoiweza. Jicho liliamua daraja, na namba ikahesabu kilichokwisha kuamuliwa. Bila jicho, korija ingekuwa hesabu ya miti isiyofanana. Bila korija, hukumu ya jicho isingeweza kuvuka bahari.

Utawala wa Wajerumani uliiweka mikoko chini ya usimamizi wa misitu, na utawala wa Waingereza ukaendeleza usimamizi huo. Maofisa wa misitu walihitaji vipenyo vilivyoandikwa ili wapange uvunaji na kutoza ada, na ndipo madaraja ya asili yalipopewa mipaka ya inchi na baadaye ya sentimita. Majina hayakufutwa. Yaliwekewa namba, na namba zikafuata mgawanyo ambao jicho la wakataji lilikuwa limekwisha kuuweka. Hili linapunguza makali ya hoja ya Scott: katika mfano huu dola haikuleta mpangilio mahali pasipokuwa na mpangilio; iliukuta uliokuwapo, ikauandika kwa lugha yake.

5.0 Chombo: Mkuku na Mataruma

Uundaji wa vyombo ni mtihani mzuri wa hoja ya makala haya. Chombo cha baharini ni kazi ngumu kuliko paa la nyumba: kila ubao umepinda kwa namna yake, na kosa la upana wa kidole linaweza kuingiza maji. Kama usahihi ndio unaodai namba, basi waundaji wa majahazi na mashua wa Kilwa, Lindi na Mikindani wangekuwa wa kwanza kupima kila kitu. Kinyume chake, ufundi huu kote katika pwani ya Waswahili unajulikana kwa kufanywa bila ramani. Adrian Prins (1965), aliyewachunguza mabaharia na waundaji wa Lamu, ni mmoja wa waandishi walioeleza maarifa hayo yanayohifadhiwa katika mikono na kumbukumbu.

Fundi huanza na mkuku. Urefu wa mkuku ni jambo la kupatana na mwenye chombo, kwa sababu ndio unaokadiria ukubwa wa chombo, gharama ya mbao na ujira. Hapo kipimo hutajwa, kwa mikono zamani na kwa futi baadaye. Baada ya hapo umbo la chombo huongozwa na uwiano anaoujua fundi, na kila kipande hulinganishwa na kile kilichotangulia. Mataruma hayakatwi kutoka kwenye ubao ulionyooka. Hutafutwa katika miti iliyopinda yenyewe. Mlilana, mmojawapo wa miti ya mikoko, hutumika kwa kazi hiyo. Fundi au msaidizi wake huingia msituni akiwa na umbo kichwani, na hutafuta tawi linalolikaribia. Kisha tezo hukamilisha kazi kwa kupunguza kidogo, kujaribisha, na kupunguza tena.

Namba isingemsaidia sana fundi huyu, kwa kuwa mti uliopinda hauna kipimo kimoja cha kuandikwa. Mti, fundi na mahali pa kuungia viko ufukweni pamoja, na hakuna umbali wa kuvuka. Mamlaka za bandari, kwa upande wao, zilikipima chombo kwa tani baada ya kukamilika, kwa ajili ya usajili na ada. Chombo kimoja kilikuwa na vipimo viwili: cha mkuku, kilichomhusu mwenye mali na fundi, na cha tani, kilichomhusu ofisa. Mbao zilizokaa kati ya vipimo hivyo viwili hazikuwa na namba yoyote.

6.0 Bati na Mbao ya Futi

Badiliko kubwa katika useremala wa kawaida wa pwani ya Lindi lilitokana na vifaa. Paa la makuti hujengwa kwa miti ya mviringo isiyolingana. Nguzo zenye panda hupokea mwamba. Makombamoyo hulazwa, ncha zake zikiachwa ndefu kisha kukatwa kwa pamoja kwa kufuata kamba iliyovutwa. Fito hufungwa kwa kamba. Na makuti hufunika tofauti zote. Mti ulioinuka kidogo kuliko mwenzake hauleti uvujaji. Paa la bati lina tabia nyingine. Bati hutoka kiwandani likiwa na urefu na upana usiobadilika, hukaa juu ya papi zinazopaswa kuwa katika usawa mmoja, na hupigiliwa misumari. Papi iliyoinuka hulipinda bati, na papi iliyokosa mahali pake huuacha msumari bila mti. Paa la makuti husamehe. Paa la bati halisamehe.

Pamoja na bati zilikuja mbao za msumeno. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mvule ulivunwa kibiashara katika uwanda wa Rondo, magharibi mwa Lindi, na kampuni ya Steel Brothers. Katika miaka hiyohiyo, mradi wa karanga wa Nachingwea (1947 hadi 1951) uliingiza vifaa na majengo ya kupangwa kwa haraka katika mkoa mzima wa kusini. Mbao iliyopasuliwa kwa vipimo vya Kiingereza ilikuwa tayari imekatwa na mtu asiyeijua nyumba itakakokwenda. Kampeni za nyumba bora za miaka ya 1970, zilizoambatana na uanzishaji wa vijiji, zilihimiza mapaa ya bati mbali na miji. Fundi aliyekuwa akikata kwa kulinganisha alijikuta kati ya vifaa viwili vilivyokwisha kukatwa mahali pengine: bati juu, mbao chini. Kazi yake ikawa kuvipatanisha, na kwa kazi hiyo namba ilikuwa ya lazima.

Historia ya vipimo imejirundika katika maneno ya mafundi wa leo. Wajerumani walitumia mita. Waingereza walileta futi na inchi. Baada ya uhuru nchi ilirudi kwenye mita. Hata hivyo, mbao bado huulizwa dukani kwa jina la ‘mbili kwa nne’ na ‘mbili kwa mbili’, na urefu wake hutajwa kwa futi. Chombo cha kupimia, hata kikiwa na alama za sentimita upande mmoja, mafundi wengi hukiita ‘futi’. Ramani inayotoka kwa mhandisi huandikwa kwa milimita. Fundi wa kawaida wa Kilwa Masoko au Lindi anapotengeneza kenchi hutafsiri kutoka milimita za ramani kwenda inchi za duka, na mara nyingi humalizia kwa kenchi ya kwanza kuwa kielelezo cha nyingine zote, yaani kwa kulinganisha.

Tafsiri hiyo ina hatari ambayo jicho peke yake halina. Futi 10 ni mita 3.048. Mteremko wa paa uliopangwa kwa mabati mawili ya futi 10, yakilaliana kwa sentimita 15, una urefu wa mita 5.946. Dukani yakipatikana mabati ya mita 3, na papi zikiwa zimekwisha kupigiliwa, yatabaki kulaliana kwa sentimita 5.4 tu, na mvua ya masika yenye upepo itapita. Hakuna aliyekisia katika mfano huu. Kila mtu alipima. Hasara imetokana na mipaka kati ya mifumo ya vipimo, na mwenye kuilipa ni mwenye nyumba.

7.0 Mjadala: Kipimo Hufuata Umbali

Ushahidi uliotolewa unaruhusu hitimisho la jumla lenye ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni umbali wa mahali. Kipande kinapokatwa palepale kinapokaa, kulinganisha hutosha na jicho huongoza. Ndivyo ilivyokuwa kwa boriti za Songo Mnara, makombamoyo ya nyumba za udongo na mataruma ya majahazi. Kipande kinapokatwa mahali pengine, kama mlango, bati au mbao ya Rondo, namba huchukua nafasi ya jengo lisilokuwapo.

Ngazi ya pili ni umbali wa mamlaka. Ofisa wa misitu, msajili wa vyombo na mkaguzi wa zabuni huhitaji namba kwa sababu hawasimami karibu na kazi. Mahitaji yao ni halali, lakini hayapaswi kuchanganywa na mahitaji ya kazi yenyewe. Tani za jahazi hazikuliunda jahazi.

Ngazi ya tatu ni umbali wa kuaminiana. Urefu wa mkuku ulitajwa hata pale fundi na mwenye chombo walipokuwa majirani, kwa kuwa malipo yalihusika. Tofauti ya dhiraa kamili na dhiraa konde ilizaliwa katika umbali huu. Hapa ndipo Kula anapofaa zaidi kuliko Scott: kipimo ni agano kati ya watu kabla hakijawa chombo cha dola.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba hoja hii inapamba uzembe, na kwamba wapo mafundi wanaokisia pale wanapopaswa kupima. Hilo ni kweli, na kigezo cha umbali ndicho kinachowabaini. Fundi anayepanga papi za bati kwa jicho amekosea, kwa kuwa bati lilikatwa mbali naye. Fundi anayeandika urefu mmoja kwa boriti zote za chumba kisicho na mraba naye amekosea, hata kama amepima hadi milimita. Katika lugha ya Pye, wa kwanza ameacha uhakika uliokuwapo, na wa pili ameudhania uhakika ambao haupo. Kumsahihisha wa kwanza peke yake, kama mitihani ya ufundi inavyoelekea kufanya, ni kufundisha nusu ya ufundi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba katika Kilwa na pwani ya Lindi kupima na kukisia hazikuwa zama mbili zinazofuatana. Zilikuwa njia zilizogawana kazi katika mji mmoja, mara nyingine katika nyumba moja, zikiunganishwa na njia ya tatu ya kulinganisha. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni kwamba vifaa vilianza kutoka mbali zaidi, na mamlaka ya kuhukumu kazi nayo ikasogea mbali. Namba iliongezeka kwa sababu umbali uliongezeka.

Matokeo haya yana maana mbili za kiutendaji. Kwanza, wahifadhi wa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara wanapaswa kurekodi kina na nafasi ya kila tundu la boriti kama lilivyo, bila kulisawazisha katika michoro, kwa kuwa tofauti kati ya tundu na tundu ni kumbukumbu ya namna boriti zilivyokatwa. Dari inayorudishwa kwa boriti za urefu mmoja, zilizoagizwa kwa jedwali, inaweza kuwa imara na bado ikawa imefuta ushahidi huo. Pili, vyuo vya ufundi vinavyofanya kazi chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1994 vingefaidika kwa kutahini uteuzi wa mti na ulinganishaji wa vipande pamoja na usomaji wa tepu. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini anapima hapa na kwa nini hapimi pale ameuelewa ufundi wake kuliko anayepima kila mahali kwa sababu ameambiwa.

Utafiti zaidi unahitajika katika karakana za waundaji wa vyombo vya Kilwa, Lindi na Mikindani, ambako mbao za kiwandani na injini zinaendelea kubadilisha umbo la chombo. Mafundi waliojifunza kwa mkuku na tezo bado wapo, na maarifa yao hayajaandikwa kwa kiwango kinachostahili. Kazi ya kuyaandika ni ya haraka, kwa sababu yakiondoka nao hayataacha tundu ukutani.